Barabara ya mtaa Nakuru: jinsi ya kuandika ombi la ukarabati lisilofia kwenye faili

Ombi la kutengenezewa barabara ya mtaa halina ada. Barua ya kawaida inatosha. Labda ndiyo maana watu wengi hulichukulia kama jambo jepesi: wanaandika ukurasa mmoja wa malalamiko, wanauacha kwa mlinzi wa mlangoni, kisha wanangoja hadi shimo linazaa mengine. Barua hizo hazikataliwi, na hilo ndilo tatizo, kwa sababu angalau barua iliyokataliwa ina majibu. Zinafia njiani kwa sababu mbili: zimepelekwa kwa asiyemiliki barabara, au zimefika mwezi ambao pesa zimeshagawanywa.

Barabara ni ya nani

Hapa ndipo muda na nauli huishia, kwa hivyo usiharakishe.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na ina bodi na meneja wa jiji kulingana na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Hata hivyo, si kila lami iliyo ndani ya jiji ni ya bodi. Jedwali la Nne la Katiba liliwapa magatuzi barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Barabara kuu za kitaifa zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Ile barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Eldoret, kwa mfano, ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, hata kama shimo lenyewe liko mbele ya kibanda chako pale Free Area. Mamlaka nyingine mbili za kitaifa zina zao: KURA ina barabara za mjini na KeRRA ina za mashambani. Ukipeleka shimo la KeNHA kwa kaunti utaambiwa "hiyo si yetu" kwa uchangamfu ambao hutauona tena siku hiyo.

Njia rahisi ya kujua ni ubao wa mradi wa mwisho. Mara nyingi umeinama mtaroni au umegeuzwa mlango wa banda la kuku, lakini jina la aliyelipia kazi bado linasomeka. Ukikosa ubao, Bodi ya Barabara Kenya huchapisha kila mwaka mpango unaoonyesha barabara zitakazokarabatiwa na kila shirika. Tafuta jina rasmi la barabara yenu humo. Jina rasmi, maana "njia ya kwa Mama Chips" inajulikana na kila mwendesha boda boda na haijulikani na faili hata moja. Msimamizi wa wadi au injinia wa kaunti ndogo anaweza kukupa jina lililo kwenye orodha yao. Liandike kama lilivyo, hata kama wamekosea tahajia.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa mitaa iliyotokana na mashamba yaliyonunuliwa na kampuni za ardhi kisha yakakatwa viwanja. Iko mingi pembezoni mwa Nakuru. Njia mnayopita kila siku inaweza kuwa bado iko ndani ya hati ya mtu, na kaunti haiwezi kumwaga maramu ya umma kwenye ardhi ya mtu binafsi. Nenda ofisi ya ardhi uombe nakala ya ramani ya eneo lenu, ile yenye nambari za viwanja. Kama njia imechorwa kuwa ya umma, ambatisha nakala hiyo kwenye barua na umetatua nusu ya kazi. Kama haikuchorwa, lazima wenye viwanja waikabidhi kwanza, na hapo mnahitaji mpimaji ardhi na wakili, na subira ya miezi.

Ukiwa na ramani mkononi, chukua futi ya kupimia ukapime upana. Ramani ikisema mita 9 na kati ya ua na ua kuna mita 6, basi kuna jirani amekula barabara. Malizaneni naye nyumbani kabla ya greda kufika. Greda likifika likakuta ukuta, litageuka na kwenda wadi nyingine, na siku hiyo ikiisha hamtaipata tena kwa urahisi.

Usianzie kwa chifu wala mzee wa nyumba kumi. Wanaijua kila nyumba, lakini chifu ni wa serikali ya kitaifa na hana bajeti ya barabara za kaunti. Mtu wa kwanza wa kumwona ni msimamizi wa wadi.

Mtaro, majitaka na taa

Maji ya mvua kutoka miteremko ya Menengai hushuka kuelekea ziwani yakipita katikati ya mitaa. Mtaro wa mvua ulioziba ni kazi ya kaunti. Chemba ya majitaka inayofurika ni ya kampuni ya maji, NAWASSCO. Tatizo huja pale mtu ameunganisha choo chake na mtaro wa mvua usiku bila kumwambia mtu, halafu kila ofisi inanusa na kumwelekeza mwenzake. Siku ya jua kali, fuata maji hayo hadi yanakotoka. Mtaro ukiwa na maji wakati hakujanyesha kwa wiki mbili, hayo si maji ya mvua. Andika barua moja kwa wote wawili, kila ofisi ikiona jina la mwenzake juu, ili pasiwe na wa kujitenga.

Kuhusu taa, angalia kwanza kama nyumba zilizo karibu zina stima. Kama mtaa mzima uko gizani, hilo ni la Kenya Power. Kama nyumba zina stima na taa moja tu imezima, huenda ni balbu au kifaa chake. Safu nzima ikizima, shuku waya, swichi au bili. Nukuu nambari iliyo kwenye nguzo. Kwa mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu, taja pia ni taa ngapi kati ya zote zilizo juu zinazowaka, maana fundi anayepanda huko anahitaji gari la pekee na hapendi kupanda mara mbili.

Kalenda

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Bajeti hupitishwa kufikia Juni 30.

Hesabu basi. Ukitaka kipande kipya cha barabara kijengwe kwenye mwaka wa fedha unaoanza Julai 2027, jina lake linafaa kuwa kwenye mpango wa Septemba 2026. Barua inayofika Mei, mvua ikiwa imeshakata njia na hasira imepanda, inakuta makadirio tayari yapo mezani bungeni. Utapewa jibu la heshima kwamba "itazingatiwa". Kuziba mashimo ni tofauti kidogo, kwa sababu ukarabati wa kawaida huwa na fungu lake. Hilo unaweza kuliomba wakati wowote, ila epuka kudai kazi ya maramu kati ya Machi na Mei. Maramu iliyoshindiliwa ikiwa imelowa hugeuka uji, na udongo wa majivu ya volkano ulio chini yake hauhitaji kushawishiwa sana kuondoka.

Fuatilia matangazo ya vikao vya maoni ya wananchi kwenye wadi. Hudhuria, jiandikishe, lakini usitegemee kunyoosha mkono tu. Maneno ya ukumbini huandikwa na karani anayeandika pole pole. Peleka maoni kwenye karatasi uyakabidhi.

Barua yenyewe

Iandikie Meneja wa Jiji, nakala kwa afisa mkuu wa idara ya barabara, msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi. Aya ya kwanza itaje jina rasmi la barabara, wadi, inakoanzia na inakoishia. Tia alama ya Google Maps ya pande zote mbili, pamoja na ya kila shimo kubwa.

Kisha vipimo. Barua nyingi husema barabara "imeharibika kabisa". Injinia hawezi kuweka "kabisa" kwenye orodha ya gharama. Tembea na futi na uandike urefu, upana, na kina cha mashimo. Chukua mfano wa njia ya mita 400 yenye upana wa mita 6. Eneo ni mita 2,400 za mraba. Maramu ya unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa ni mita 360 za ujazo, na kabla ya kushindiliwa ni kama 450. Kwa lori linalobeba mita 7 za ujazo, hizo ni safari zaidi ya 60. Ukijua hesabu hii hutadanganywa na lori nne zilizomwagwa wiki ya kampeni.

Omba mtaro kwanza, maramu baadaye. Barabara isiyo na mgongo katikati wala mitaro kando huwa mto mvua ya kwanza ikinyesha. Pale maji yanapovuka, omba kalavati la kipenyo cha milimita 600 au zaidi. Vipande vyake huwa vya karibu mita moja, kwa hivyo njia ya mita 6 inahitaji takriban 7 au 8 ili vichwa vitokeze kando. Kalavati dogo ni rahisi kununua na huziba na mfuko mmoja wa nailoni.

Picha sita zinatosha: mbili wakati wa mvua, mbili wakati wa kiangazi, moja ya mtaro, na moja yenye futi iliyowekwa ndani ya shimo. Mwishoni weka sahihi za wakazi pamoja na nambari za viwanja. Kumi na tano zenye nambari za viwanja zina uzito kuliko mia mbili zilizokusanywa stejini.

Matuta ya barabarani muombe, msijijengee. Tuta la mawe lililojengwa na vijana usiku ni kosa, na mwenye pikipiki atakayeanguka hapo atataka kujua ni nani aliyelijenga.

Kupeleka na kufuatilia

Chapa nakala mbili. Ipeleke moja masjala, au registri kama walinzi wanavyoiita, na nyingine irudi nawe ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukikosa muhuri, barua haikufika. Usikubali "iache tu, nitampa mwenyewe". Karani akiwa ametoka kwa chai, msubiri, chai huisha. Ukiombwa pesa za mafuta ili injinia aje kuona barabara, hiyo si ada na hakuna risiti yake.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti, na cha 89 kinawataka wajibu upesi. "Upesi" haikupewa siku, kwa hivyo baada ya mwezi andika barua ya pili ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza mambo matatu: barabara hii iko kwenye mpango wa mwaka gani, imetengewa kiasi gani, na kama kuna mkandarasi, mkataba wake unasemaje. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu, na huhitaji kueleza sababu. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza nyingine zisizozidi 14. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana pia kama Ombudsman. Ombi lenyewe ni bure, unalipia tu gharama ya kutoa nakala.

Kazi ikianza, hakikisha unene wa maramu kabla haijashindiliwa yote, kwa rula, pembeni. Omba kuona muda ambao mkandarasi anawajibika kwa kasoro. Umeandikwa kwenye mkataba. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, piga picha zile zile sita mahali pale pale, na uzipeleke kwa barua yenye muhuri kabla muda huo haujaisha.