Ukungu ukutani na kifua cha mtoto: kabla hujanunua rangi, jua maji yanatoka wapi

Huku Arusha na Moshi baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikishika, kila mtu anafunga madirisha mapema, wengine wanaziba mpaka yale matundu ya hewa ya juu kwa maboksi, halafu humohumo ndani watu wanapika, maji ya kuoga yanachemshwa, na sare za shule zinaning'inia kwenye kamba chumbani maana nje hazikauki. Mvuke wote huo unaishia kwenye ukuta wa baridi. Baada ya muda unavuta kabati unakuta madoa meusi kwenye kona, na kitanda cha mtoto kiko hapohapo.

Jamani hili sio suala la uchafu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009, unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinaendana na kukohoa, kifua kubana na pumu kuzidi. Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki mwaka 2020, na uchunguzi uliomalizika 2022 ukasema ni ule ukungu wa kwenye nyumba yao.

Sasa wengi wetu tunakimbilia rangi. Usipake, hela inapotea, baada ya mvua mbili tatu inabanduka yote. Kwanza pima hivi: futa ukuta ukauke, chukua foili ya jikoni saizi ya sahani, ibandike kwa selotepu pande zote hewa isipite, iache siku mbili. Ukiibandua ukakuta majimaji upande ulioshika ukuta, maji yako ndani ya ukuta wenyewe. Ukikuta imelowa upande wa chumbani, shida ni mvuke wenu.

Kama ni ukuta, toka nje. Viwanja vyetu vingi vina mteremko, kwa hiyo udongo unakuwa umeshapanda juu ya msingi, au bati halina gata maji yanadondoka palepale ukutani kila mvua, au kuna bomba linavuja taratibu. Shusha udongo, chimba mtaro wa kupeleka maji mbali, funga gata. Ule unga mweupe wa chini ukutani ni chumvi sio ukungu, ukiudondoshea maji unayeyuka, ila unakuonyesha maji yanapanda kutoka chini.

Kama ni mvuke, zibua matundu, funika sufuria, fungua madirisha yanayotazamana asubuhi na baada ya kupika hata dakika kumi na tano tu. Kabati na kitanda visigusane na ukuta, acha nafasi ya kiganja. Godoro la chini liinue kila asubuhi. Na tafadhali sana usiingize jiko la mkaa chumbani eti likaushe, ile hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Kusafisha: mtoto atoke kwanza, vaa barakoa, usikwangue pakavu maana unasambaza vumbi lake nyumba nzima. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi, halafu kausha kabisa. Ukitumia jiki fungua madirisha na usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu. Jipsamu ya dari iliyoota ukungu ikatwe ibadilishwe.

Mtoto akipumua haraka, mbavu zikawa zinaingia ndani, au akashindwa kunyonya, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari kwamba nyumbani kuna ukungu.

Kwa mliopanga, piga picha umtumie mwenye nyumba mapema, tena ikiwezekana mwezi wa kwanza au wa pili ukuta ukiwa umekauka, maana masika ikishaanza mwezi wa tatu fundi hata akipiga plasta haikauki.