Jamu ya mabibo: jua sukari iliyomo ndani ya sufuria

Msimu wa korosho ukifika, mabibo mengi ya Tandahimba na Nachingwea huozea chini ya mikorosho au huishia kwenye uraka, yaani pombe ya mabibo. Jamu huyaokoa, ila mara nyingi hugeuka kahawia na kuwa chungu, au hufanya punje za sukari kabla hata haijauzwa. Makosa yote mawili yanatokana na sukari.

Sukari ya bibo lenyewe ni glukozi na fruktozi. Hizi ni sukari ridusi: molekuli yake ina ncha wazi inayoungana na asidi amino za tunda, na moto ukikaa muda mrefu rangi ya kahawia hutokea. Sukari ya dukani, yaani sukrozi, si ridusi, kwa sababu glukozi na fruktozi zake zimefungana kwa ncha hizohizo. Ukiipasha na kimiminika cha Benedict, dawa ya bluu ya kupimia sukari ridusi, hubaki bluu, ilhali maji ya bibo hugeuka rangi ya tofali. Lakini ichemshe na ndimu: asidi hukata kifungo, na sehemu yake huwa ridusi. Sehemu hiyo ndiyo inayozuia punje.

Tumia mabibo yaliyoanguka siku hiyohiyo. Yaoshe, yachemshe dakika 5 katika maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita kupunguza ukakasi, kisha yasuuze. Kisu na sufuria viwe vya chuma cha pua. Chuma cha kawaida hukutana na tanini, kitu kinacholeta ukakasi wa bibo, na kuifanya jamu nyeusi.

Ponda gramu 750 za mabibo na gramu 250 za embe bichi, kwani pektini ya embe husaidia jamu kushika. Tia gramu 800 za sukari na maji ya ndimu 4 mwanzoni, siyo mwishoni. Chemsha kwa moto mkali katika sufuria pana, ukikoroga, hadi nyuzi 5 juu ya kiwango ambacho maji huchemka hapo kwako: Mtwara mjini ni 105, Newala juu ya uwanda ni pungufu. Huna kipimajoto? Pima uzito; jamu ikibaki takriban kilo 1.3, epua.

Ikifanya punje, ndimu ilikuwa kidogo au ilichelewa. Ikiwa nyepesi na ya kahawia, ilikaa motoni mno: punguza kiasi unachopika kwa mkupuo mmoja.