Chaja Iliyokuwa Ikila Betri: Kwa Mnaopeleka Kampa Nyumbani

Kama unapeleka kampa, yaani gari la kulala ndani, nyumbani Tanzania, mambo ya bandari na TRA unayajua, siyarudii. Nina neno kuhusu waya mmoja tu.

Yangu niliinunua imetumika hapa Uingereza: paneli ya wati 200 juu ya paa, chaja ya ampea 30 ya kuchomeka umeme wa nje, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi, na betri ya risasi ya ampea-saa (Ah) 100. Sola na chaja kuchaji betri moja kwa pamoja hakuna ubaya. Kila kimoja kinasoma volti za betri. Chaja ikishaipandisha hadi 14.4, kontrola ya sola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kwenda kwenye betri, inapunguza yenyewe. Zote mbili ziseti kwa aina ya betri uliyonayo. Kontrola ianze kuungwa kwenye betri, paneli baadaye. Fyuzi karibu na betri. Basi.

Mtego uko kwenye inveta. Fundi aliyenifungia aliunga soketi zote za ndani zihamie kwenye inveta umeme wa nje ukikatika. Chaja nayo akaichomeka kwenye soketi mojawapo ya hizo. Mwaka mzima sikuona kitu, maana kwenye kambi nilizolala huku umeme haukukatika hata mara moja. Kosa lilikuja kujianika Tukuyu.

Ilikuwa Aprili, na Aprili ya Rungwe mnaijua: mvua, ukungu, sola inadonoa tu. Nikapitisha waya kwenye dirisha la jiko la mama. Saa mbili usiku TANESCO wakakata. Mtaa mzima giza, hata migomba huioni, lakini taa ya kijani ya chaja inawaka na feni inavuma. Mama akasema, "Mwanangu, gari lako lina baraka." Nikalala.

Sasa nisikilize. Umeme hakuna, chaja inawaka: inakula wapi? Inakula kwenye betri ile ile inayoichaji! Ili chaja irudishe ampea 30, inveta inavuta kama 46, nyingine zinaishia kwenye joto. Asubuhi inveta kimya, mita inasoma volti 10 na pointi. Mimi nikalaumu ukungu, nikarudia kosa hilo siku tatu. Betri ya risasi ukiikausha hivyo, haikusamehe.

Nikamwandikia aliyeniuzia, nikidai waranti. Waingereza hawakufokei. Wanaanza na "tunasikitika sana", wanamaliza na ukurasa wa kitabu cha maelekezo, namba ya aya imepigiwa mstari. Hawa watu wameandika kila kitu, ila hakuna atakayekwambia kwa mdomo. Kisome kabla hujalipa.

Jaribio ni dakika moja, lifanye kabla gari halijapanda meli: washa inveta, chomoa waya wa nje. Taa ya chaja lazima izime. Ikiendelea kuwaka, umenaswa. Narudia: lazima izime. Chaja ipate umeme wa nje tu, kabla ya inveta.

Shemeji yangu wa Mwanjelwa bado anashikilia kwamba ukiichomeka chaja kwenye inveta, betri itajichaji yenyewe milele. Shemeji, nakuheshimu, lakini ingekuwa hivyo TANESCO wangeshafunga ofisi.

Fundi wa Uyole aliuhamisha ule waya kwa nusu saa, akaomba hela ya soda.