Kobe wa uani usimwachie jangwani, hata kama nia yako ni nzuri

Hii nawaandikia ndugu zetu wa Phoenix, Tucson na Kingman hapa Arizona, Marekani, na wale wa Las Vegas kule Nevada pia, mnaofuga kobe wa jangwani nyuma ya nyumba. Habari za chakula na kivuli mnazijua, wengine mmefuga miaka mingi, sina haja ya kurudia. Kuna kosa moja tu limenichosha na kila Septemba nakutana nalo: vitoto vimeanguliwa, uani pamejaa, mtu anavitia kwenye boksi anaendesha gari mpaka nje ya mji anaviachia porini, halafu anarudi nyumbani moyo mweupe kabisa, anasema nimewarudisha kwao.

Kwao wapi?

Kobe wa huku Arizona na kobe wa California na Nevada sio kitu kimoja, ingawa ukiwaweka pamoja hapo uani mtu wa kawaida hawezi kuwatofautisha. Zamani wote waliitwa jina moja, Gopherus agassizii, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipowatenganisha kwa kuangalia DNA, wale wa jangwa la Mojave, upande wa California na Nevada, wakabaki na jina la zamani na wa jangwa la Sonora, yaani hawa wetu, wakapewa jina la Gopherus morafkai. Mto Colorado uliwatenga mamilioni ya miaka na kila mmoja akazoea maisha yake. Wa Mojave anakaa zaidi mabondeni na kwenye tambarare, anategemea majani yanayoota masika baada ya mvua za baridi. Wa Sonora anapenda miteremko yenye mawe makubwa na anachangamka hasa mvua za kiangazi zikianza Julai. Hata kutaga hawafanani, jike wa Mojave anaweza kutaga mara mbili au zaidi kwa mwaka, jike wa Sonora anataga mara moja, na mwaka wa ukame anaweza asitage kabisa.

Sasa sikia hii. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa mtaalamu wa vinasaba Taylor Edwards na wenzake, walipima vinasaba vya kobe 180 wanaofugwa majumbani Kingman, Phoenix na Tucson. Zaidi ya asilimia 40 walikuwa wa Mojave au machotara! Phoenix peke yake asilimia 11.5 walikuwa chotara wa Sonora na Mojave, na asilimia 8.8 walikuwa wamechanganyika na kobe wa Texas, ambaye hata jangwa hili sio lake. Watu walihama nao kwenye magari, wakapeana zawadi, wakawaokota barabarani, wakawaweka pamoja, vizazi vikapita. Kwa hiyo ukisema wa kwangu ni wa hapahapa kwa sababu alipatikana hapahapa, mimi siwezi kukubali na wewe huwezi kuthibitisha. Ukimwachia mmoja chotara kule mlimani na akabahatika kuishi, anazaa na wale wa porini kwa miaka 30 au 40, na ile damu ukishaiingiza hakuna namna ya kuitoa.

Kuna kijana mmoja, mwanafunzi, aliniletea hoja nzuri na naiheshimu. Alisema mzee, si kuna utafiti wa 2020 kwenye jarida la Science ulioonyesha kobe wenye utofauti mkubwa wa vinasaba ndani ya mwili mmoja ndio waliopona baada ya kuhamishwa? Ni kweli kabisa. Kule Nevada kusini kobe zaidi ya 9,000 walipelekwa kwenye eneo moja kati ya 1997 na 2014, wengi wao walikuwa wa kufugwa, na wengi walikufa, na waliochunguzwa wakaonekana waliopona wana utofauti wa vinasaba mkubwa zaidi kwa kama asilimia 23 kuliko waliokufa. Lakini mwanangu, hao walikuwa kobe wa Mojave wanapelekwa ndani ya Mojave, aina moja. Utajiri wa vinasaba ndani ya aina moja ni afya. Kuchanganya aina mbili zilizotengana mamilioni ya miaka ni jambo lingine. Na ona pia, hata wataalamu wenye eneo kubwa na mpango wamepoteza wanyama wengi hivyo, wewe na boksi lako la viatu utafanikiwa vipi?

Halafu kuna ugonjwa, na hapa ndo moyo unaniuma zaidi. Bakteria anaitwa Mycoplasma agassizii anakaa kwenye pua ya kobe miaka, na kobe huyo anaweza kuonekana mzima kabisa uani kwako huku anaambukiza. Mwezi wa nne nilikwenda nyumba moja, mama mwenye nyumba akaniambia kobe wake hana shida, anakula. Nikamwinamia yule kobe. Pua ilikuwa na povu dogo linapanda na kushuka kila akipumua, tundu moja limeshaanza kulika, na miguu ya mbele kwa ndani ilikuwa na utando mkavu unaong'aa, vumbi limegandia pale anapojifutia makamasi. Mama alikuwa na mpango wa kumwachia wikiendi ileile. Angekutana na wa porini shimoni, wakagusana pua kama wanavyofanya, basi. Na kobe wa Mojave wameshawekwa kwenye orodha ya serikali ya wanyama walio hatarini tangu 1990, hawahitaji tuwaongezee mzigo.

Kwa hiyo dawa ni kuzuia vitoto visizaliwe, na hapa naomba msome polepole maana ndipo mnapokosea kila mara.

Usifuge dume na jike pamoja. Mnaniambia hatukujua kama ni dume. Gamba likiwa chini ya sentimita 18 hata mimi sijui, hakuna anayejua kwa macho! Pima gamba kwa mstari ulionyooka kutoka mbele hadi nyuma, usifuate mgongo. Akishafika 18 mgeuze taratibu kidogo tu uangalie, dume ana bonde tumboni karibu na mkia, mkia mrefu zaidi, na lile pembe la chini ya kidevu limechomoza mbele. Wawili wadogo walelewe tofauti tangu mwanzo, msisubiri.

Ukuta kati yao uwe sentimita 60 juu ya ardhi na 30 ndani ya ardhi, na uwe mzima usioonyesha upande wa pili, matofali au mbao. Waya wa fensi haufai, akiona mwenzake atasukuma mpaka ajichubue au apite. Na tafadhali pimeni kwa futi kamba. Nimepima kuta tatu mwaka huu zilizoitwa za 60 na hakuna iliyovuka 40.

Kumtenga jike leo hakumaanishi umemaliza. Jike anahifadhi mbegu za dume ndani ya mwili zaidi ya miaka miwili na bado akataga mayai yenye uhai. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu baada ya kuwatenga, endelea kuchunga. Kuanzia katikati ya Mei mpaka mwanzo wa Agosti angalia mdomo wa shimo lake kila jioni. Ukiona udongo umefukuliwa upya na una unyevu wakati hakujanyesha, chimba kwa mkono, sio jembe, sentimita 10 hadi 20 utakuta mayai meupe ya duara kama mpira wa pingipongi, mara nyingi 3 mpaka 8. Yatoe siku hiyohiyo, yatie frizani, yakae siku mbili. Najua inauma, lakini usiseme nitayatoa wiki ijayo, wiki ijayo kuna kiumbe ndani na utaona huruma, na siku 90 hadi 120 baadaye utanipigia simu una vitoto sita. Na wale wanaoyatotolesha kwa makusudi kwenye mashine wakicheza na joto, chini ya nyuzi 31 madume, juu ya 33 majike, acheni, sheria ya Arizona hairuhusu kuzalisha hawa kobe, na Nevada hali ni hiyohiyo.

Kobe mzima ana pua kavu, macho yasiyotoka machozi, anakula, lakini hilo peke yake halithibitishi kwamba hana ugonjwa.

Wenye kobe wa ziada tayari, msimpe binamu aliye Las Vegas, kumvusha mpaka wa jimbo ndiko kulikotuletea hii hali, na Nevada tangu 2013 ni kobe mmoja kwa nyumba. Walio Arizona, kobe huyo mpelekeni kwenye mpango wa kuasili kobe wa idara ya wanyamapori ya jimbo. Siku ya kumpeleka toka kabla ya saa tatu asubuhi, joto likifika nyuzi 35 usimguse kabisa. Mwogeshe kwanza dakika 20 kwenye beseni, maji yafike kidevuni tu yasizidi. Mnyanyue kwa mikono miwili, usawa na karibu na ardhi, kwa sababu akishtuka anamwaga maji yote ya kibofu na hayo ndiyo akiba yake ya miezi ya ukame. Akimwaga, mrudishe kwenye beseni, msubiri anywe, ndo mwondoke. Boksi liwe na matundu, liwekwe kwenye kiti na sio kwenye buti ya gari.