Umepandisha toleo la Debian na amri za msimamizi "hazipo"? Anza hapa kabla hujafuta diski

Julai, mikorosho ikiwa na maua na watu wa Newala wako shambani wanapuliza salfa, nilipigiwa simu na karani wa chama kimoja cha msingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine imekula amri. Useradd haipo, shutdown haipo, ifconfig nayo haipo."

Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa amekwisha chomeka flashi, tayari kufuta diski na kuweka mfumo upya. Nilimwomba aichomoe kwanza. Diski ile ilibeba kilo na malipo ya kila mkulima wa chama kile kwa misimu mitatu, na nakala ya mwisho hakuna aliyejua ilitoka lini. Amri mbili kati ya zile tatu, useradd ya kuongeza mtumiaji na shutdown ya kuzima mashine, zilikuwemo humo humo kwenye mashine. Kwa hiyo naandika taratibu, kwa ajili ya yeyote anayetunza seva ya Debian (mfumo endeshi wa familia ya Linux) huku kwetu na fundi mwingine yuko mbali.

Hatua ya kwanza: soma ujumbe wenyewe

bash: useradd: command not found

Hapo bash, programu inayopokea amri unazoandika, inasema haikuiona amri kwenye folda ilizoambiwa ipekue. Haijasema faili limefutwa. Ni kama kumtafuta mtu Shangani nzima pale Mtwara mjini wakati anakaa Chikongola. Ukiona "Permission denied", hilo ni jambo lingine kabisa: amri imeonekana, ila wewe huna ruhusa. Usiwashe upya mashine wala usisanikishe kitu bado.

Hatua ya pili: jua wewe ni nani na unapekua wapi

whoami
echo $PATH

Karani alinisomea kwenye simu, herufi kwa herufi. Jibu la kwanza lilikuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. La pili ni PATH, yaani orodha ya folda ambazo bash inapekua:

/usr/local/bin:/usr/bin:/bin:/usr/local/games:/usr/games

Hapo nilijua tatizo. Mtu ni root, lakini njia anazopekua ni za mtumiaji wa kawaida: folda za michezo zimo, za sbin hazimo. Amri nyingi za msimamizi hukaa /usr/sbin na /sbin. Hakikisha kwa macho:

ls -l /usr/sbin/useradd /sbin/shutdown

Yakitokea majina, hakuna kilichopotea.

Hatua ya tatu: ingia root kwa kistari

exit
su -

Kistari hicho ndicho dawa. Hadi Debian 9, ukiandika su (amri ya kubadili mtumiaji) peke yake ulipewa PATH ya root. Kuanzia Debian 10, iliyotoka Julai 2019, amri ya su inatoka kwenye kifurushi (programu zilizofungwa pamoja) cha util-linux, na hii inakuachia PATH uliyokuja nayo. Ukiweka kistari unaingia kama root aliyeanza upya, na njia zake zote. Mazoea ya miaka kumi ya kuandika su tupu yanagonga ukuta siku unapotoka toleo la 9, na ukiendelea kupanda hadi 11 au 12 hali ni ile ile.

Angalia jambo moja: su - inakuhamishia /root. Kama ulikuwa ndani ya folda yenye skripti yako, usishtuke usipoiona. Rudi kwa cd.

Ipo njia ya kurudisha tabia ya zamani, kwa kuandika mstari huu ndani ya /etc/default/su:

ALWAYS_SET_PATH yes

Mimi siipendi. Inakutibu kwenye mashine moja, halafu kesho unakaa mbele ya seva nyingine huko Masasi unaanza kuhangaika tena. Zoeza vidole kistari.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Hapa ndipo nimeona watu wakiumia zaidi, kwa hiyo nakaa kidogo. Umeme unakatika wakati vifurushi vinafunguliwa, UPS (betri ya akiba) inalia dakika chache, mashine inazima. Ukirudi unaandika su, unajaribu kumalizia, na dpkg, chombo cha Debian cha kusanikisha vifurushi, inagoma:

dpkg: warning: 'ldconfig' not found in PATH or not executable
dpkg: warning: 'start-stop-daemon' not found in PATH or not executable
dpkg: error: 2 expected programs not found in PATH or not executable

Mtu akisoma hivyo anaamini mfumo umekufa, kwa sababu sasa hata chombo cha kutengenezea nacho kimeharibika. Hapana. Ni kistari kile kile. ldconfig na start-stop-daemon vinakaa sbin, na dpkg inakataa kufanya kazi bila kuviona. Toka, ingia kwa su -, kisha:

dpkg --configure -a
apt --fix-broken install
apt full-upgrade

Ziache zimalize moja baada ya nyingine. Na upande toleo moja kwa wakati mmoja: 9 kwenda 10, 10 kwenda 11. Debian haikubali kuruka, hata kama bando lako linakushawishi.

Hatua ya nne: amri ambayo kweli haipo

ifconfig ya karani, amri ya kuonyesha anwani za mtandao, haikuwemo hata baada ya su -. Inatoka kwenye kifurushi cha net-tools, ambacho tangu Debian 9 hakiwekwi chenyewe unaposanikisha mfumo. Na kwenye mashine ile kijana alikuwa amepitisha apt autoremove (amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika tena) baada ya kupandisha, kikaondoka. Unaweza kukirudisha kwa apt install net-tools. Nakushauri ujifunze hizi:

ip addr — badala ya ifconfig
ip route — badala ya route
ss -tlnp — badala ya netstat -tlnp

Ikiwa faili lipo na njia zipo, ila bash inang'ang'ania mahali pa zamani na kusema "No such file or directory", andika hash -r. Bash inakumbuka ilipoikuta amri mara ya mwisho, na kupandisha toleo kumeihamisha.

Hatua ya tano: skripti za usiku

Karani alishaanza kunishukuru akitaka kukata simu. Nikamwomba tuangalie crontab, orodha ya kazi ambazo mashine inaziendesha yenyewe kwa saa zilizopangwa:

crontab -l

Kulikuwa na skripti ya saa nne usiku inayotuma nakala ya hesabu. Kabla ya kutuma inauliza ifconfig kama modemu ina anwani. ifconfig haipo, jibu ni tupu, skripti inaamini hakuna mtandao, inaacha kimya kimya. Siku kumi na moja hakuna nakala iliyotoka, wala hakuna aliyepata taarifa. Tafuta zote zenye ugonjwa huo:

grep -rnE 'ifconfig|netstat|route' /etc/cron* /usr/local/bin /usr/local/sbin /root

Badilisha ifconfig iwe ip addr show, halafu hakikisha mstari unaousoma bado unalingana, maana mpangilio wa majibu si ule ule. Kisha, juu kabisa kwenye crontab, weka:

PATH=/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin

Crontab ya mtumiaji, hata ya root, isipoandikiwa PATH inapekua /usr/bin na /bin tu. Skripti inayokubali ukiiendesha kwa mkono inaweza kukataa usiku kwa sababu hiyo peke yake.

Usingoje saa nne. Iendeshe sasa, uende kule nakala inakofikia, uangalie tarehe na ukubwa kwa ls -lh, halafu ulifungue faili. Mzee yule alilifungua nikiwa bado kwenye simu, akanisomea jina la mkulima wa mwisho kwenye orodha na kilo zake, akalinganisha na daftari lake la karatasi. Zililingana.