Somo: stuli ya kukunja ya miguu ya mkasi, vipimo vyake na pale inapoharibikia

Swali la "mbona stuli yangu inazidi kutanuka na kushuka kila nikiikalia" limejibiwa humu mara nyingi mno. Naweka kila kitu hapa. Vipimo vyote ni milimita.

Vifaa: mbao ngumu, kavu. Miguu 4 ya 600 × 45 × 22. Mapau 4 ya 45 × 22, mawili ya urefu wa 350 na mawili ya 398. Bolti 2 za M8 (kipenyo cha 8) za urefu wa 65, zile zenye meno mwishoni tu. Nati za kujifunga 2, washa pana 6 za unene wa 2, skrubu, gundi na turubai nzito.

1. Kata, piga msasa.

2. Toboa kila mguu tundu la 8, umbali wa 300 kutoka ncha, katikati kabisa ya ule upana wa 45. Mguu hupindwa zaidi hapo kwenye egemeo, yaani pale bolti inapopita, lakini kitovu cha ubao hubeba kidogo. Kazi kubwa hufanywa na kingo. Tundu likisogea ukingoni, mguu unavunjika hapo. Fundo la mbao pia lisiwe karibu. Toboa mguu mmoja, kisha utumie huo kama kielelezo cha mingine.

3. Unga fremu mbili, kila moja miguu miwili na mapau mawili, la juu na la chini, kwa gundi na skrubu mbili kila kiungo. Ya ndani ina upana wa nje 350. Ya nje ina nafasi ya 354 kati ya miguu, ili washa moja iingie kila upande. Mapau yakae kwenye kingo za nje za miguu, zile zinazotazama mbali na fremu ya pili stuli ikiwa wazi. Ukiyaweka ndani, stuli haitakunjika bapa, na turubai itakuwa inang'oa skrubu badala ya kulibana pau kwenye mguu.

4. Funga bolti: washa nje, washa katikati, washa nje. Kaza mpaka fremu ibaki popote unapoiacha, halafu legeza robo mzunguko.

5. Kitambaa. Hapa ndipo stuli nyingi zinapofia. Stuli hii haina kufuli. Kinachozuia miguu isiachane ni turubai peke yake. Ncha za juu zikiwa na mwachano wa 420, kimo chake ni kama 428, na kwenye sakafu inayoteleza turubai inavutwa kwa nguvu karibu sawa na uzito wote wa mkaaji. Mwenye kilo 80 anaivuta kwa kilo 80. Iache itanuke hadi 480: kimo kinashuka hadi 360 na mvuto unapanda hadi mara 1.33 ya uzito. Ikianza kulegea, basi kila anayekaa anaizidisha.

Kwa hiyo: nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo wa jora, zitoke pau moja hadi pau la pili. USIKATE KITAMBAA MSHAZARI, kitanyumbuka. Funga fremu kwa kamba kwenye kimo unachotaka, pima kitambaa juu yake, kisha punguza 10. Kizungushe juu ya pau, kishuke uso wa nje, kikunjwe mara mbili, halafu kibanwe kwa ufito wa mbao na skrubu. Misumari midogo mitupu inapasua nyuzi moja baada ya nyingine.

6. Simamisha mezani, chora mstari sambamba na meza, kata nyayo. Ni pembe ya karibu nyuzi 45.

MASWALI

Mpenda_Randa: Mkuu, bolti ya ukubwa gani?

Jibu: Soma orodha ya vifaa.

Haraka_Haraka: Nimetumia shuka la zamani, limechanika siku hiyo hiyo. Vipimo vyako vina kasoro.

Jibu: Somo linasema turubai nzito. Rudia hatua ya 5 uone shuka lako lilibebeshwa kilo ngapi.

Kigingi: Fundi, lazima egemeo liwe katikati? Nataka chini pawe papana kuliko juu, isipinduke kirahisi.

Jibu: Si lazima. Liweke 250 kutoka juu na 350 kutoka chini. Nyayo zikiachana 490, juu pataachana 350, na kimo kinabaki 428 ileile. Gharama yake ni mvuto wa turubai, unaopanda hadi karibu mara 1.18 ya uzito, basi tumia tabaka mbili. Angalia miguu yote minne ilingane: fremu moja ikitobolewa 250 na nyingine 260, kikalio kinainama upande mmoja. Wanaobuni viti vya kuegemea hutumia mwinamo huohuo kwa makusudi.

Kigingi: Na kikalio cha mbao badala ya kitambaa?

Jibu: Kinawezekana. Kifunge kwa bawaba kwenye pau moja, upande wa pili uwe na pengo linalonasa pau la pili. Mvuto haukupotea, umehamia kwenye pengo na skrubu za bawaba. Acha mbao ya kutosha nyuma ya pengo, vinginevyo itapasuka kufuata nyuzi zake.

Tumia_Msasa: Egemeo likilia, msitie mafuta, yanakusanya mchanga unaokula tundu. Sugua nta ya mshumaa kwenye shingo ya bolti.

Jibu: Asante, na kwenye washa ya katikati pia. Ndiyo inayosagana zaidi.