Gari la Japani: jua kama programu yake ilirekebishwa
Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Mombasa. Ukiniletea Honda Vezel au Toyota Prius, kabla sijachomeka mashine ya kupima nitakuomba namba ya chesisi. Wengine huona nawapotezea muda: taa za dashibodi zimezima, gari linatembea, chesisi ya nini? Naitaka kwa sababu kiwanda kikigundua kwamba programu inayoendesha kompyuta za gari ina kasoro, huliita gari lirudishwe kurekebishwa, na taarifa ya wito huo humfikia mwenye gari aliyesajiliwa Japani. Wewe uliyelipokea bandarini Kilindini hakuna atakayekuandikia.

Na visa vyenyewe si vya kubahatisha. Februari 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani, kwa kuwa programu ilikuwa ikichosha kwa joto transista zinazopeleka umeme kwenye mota. Zikiharibika, gari hupunguza nguvu, na mara chache huzima likiwa barabarani. Oktoba 2018 ikaita tena Prius na Auris milioni 2.4 zilizowahi kuitwa, maana dawa ya kwanza haikutosha. Honda nayo iliita Fit Hybrid na Vezel za haibridi, yaani zinazotumia petroli pamoja na umeme, mara kadhaa tangu Oktoba 2013, kwanza kwa ajili ya giaboksi, na Julai 2014 zaidi ya magari 175,000 yaliyoweza kuongeza kasi ghafla. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ilisharekebishwa", muulize: kwa wito upi?

Namba ya chesisi iko kwenye logbuku na imegongwa kwenye bodi, hakikisha zinalingana. Ya Japani ni fupi: huanza RU3 kwa Vezel nyingi za haibridi, GP5 kwa Fit Hybrid, ZVW30 kwa Prius, kisha kistari na tarakimu. Tovuti za Marekani za kutafuta wito hutaka herufi na tarakimu 17, kwa hiyo gari lako hazilijui. Zikikaa kimya usijipe moyo. Ingia tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe, ukurasa wa kutafuta wito, uiache simu itafsiri. Andika namba, usome kila wito na kama kazi yake imefanyika au bado. Piga picha skrini.

Halafu fungua mlango wa dereva, uchuchumae, utazame kwenye nguzo karibu na kile chuma kinachonasa kufuli. Magari yaliyorekebishwa Japani miaka hiyo yalibandikwa hapo stika ndogo yenye namba ya wito. Ukiikuta, ni ushahidi wa wito huo mmoja tu. Usipoikuta, huenda aliyepiga rangi aliibandua, basi iamini tovuti.

Kama kazi haijafanyika, peleka ile picha kwa wakala wa chapa hiyo, uulize kwa maandishi kama atahudumia gari uliloagiza mwenyewe. Huenda akakujibu kwamba hakukuuzia yeye. Hapo ndipo watu hukimbilia kijana mwenye laptopu awaandikie programu mpya. Wapo hodari, sikatai, ila mpe masharti. Asome kwanza namba ya programu iliyomo. Akuonyeshe mpya ameitoa wapi na kwamba ni ya chesisi ya aina yako. Betri ya 12V iwe kwenye chaja muda wote, kwa sababu umeme ukiyumba katikati ya kuandika, kompyuta ya gari inaweza kufa papo hapo, na kuipata nyingine ni kilio. Namba ya zamani na mpya ziandikwe kwenye risiti. Anayekwambia "nimefuta kodi, nenda", yaani namba za hitilafu zinazoonyeshwa na kompyuta ya gari, amefuta ujumbe tu. Programu ni ile ile. Na Prius iliyowahi kuwasha taa ya haibridi na kupoteza nguvu, inverta, yaani kifaa chenye zile transista, ikaguliwe pia, kwani programu mpya haifufui transista iliyoungua.

Kabla kazi haijafanyika, safari ya Nairobi usiku iahirishe. Prius ikizima njiani, usukani na breki bado vinafanya kazi, kwa maelezo ya Toyota yenyewe: washa taa za hatari, jitoe kushoto taratibu, usikanyage breki kwa pupa lori likiwa nyuma yako. Vezel ikikazana kwenda mbele bila kuombwa, kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie, tia gia ya N (huru), na likishasimama ndipo ulizime.